Mkopo wa nyumba wa riba nafuu nchini Kenya: kuingia ni rahisi, kutoka je?

Matangazo ya mikopo ya nyumba huzungumzia kuingia tu: idhini ya haraka, amana ndogo, rejesho lisiloumiza. Kutoka hakutangazwi. Ndiko tulikoelekeza macho hapa. Je, mkopo huu unakubali kulipwa kabla ya wakati, na ukishalipwa, mwenye nyumba anaipata hati yake bila kuzungushwa?

Bidhaa yenyewe ni mkopo wa riba ya chini ya asilimia 10 unaotolewa na benki na Sacco (vyama vya ushirika vya akiba na mikopo) kwa fedha za Kenya Mortgage Refinance Company, maarufu kama KMRC. Kampuni hiyo ilianzishwa 2018 na kupewa leseni na Benki Kuu ya Kenya mwaka 2020. Haimkopeshi mwananchi moja kwa moja. Inawakopesha wakopeshaji kwa riba ya takriban asilimia 5, nao wanamfikishia mteja kwa takriban asilimia 9.5. Dari ya awali ilikuwa shilingi milioni 4 kwa Nairobi na kaunti jirani za Kiambu, Machakos na Kajiado, na milioni 3 kwingineko, kwa mtu ambaye mapato yake hayazidi 150,000 kwa mwezi. Viwango hivyo vimepandishwa baadaye, kwa hiyo uliza vya leo kabla hujaanza kukusanya stakabadhi.

Kwa riba, bidhaa hii ni nafuu kuliko mikopo ya kawaida ya benki. Milioni 4 kwa miaka 20 kwa asilimia 9.5 ni rejesho la 37,285 kwa mwezi. Deni hilohilo kwa asilimia 15 linadai 52,672. Tofauti ya zaidi ya shilingi 15,000 kila mwezi inamtosha mtu kulipa karo ya mtoto, au, kwa mwenye nidhamu, kulimaliza deni miaka mingi kabla ya wakati. Hapo kwenye kulimaliza ndipo penye kazi.

Jedwali la marejesho, lisome kabla ya kusaini

Riba hupigwa juu ya salio linalopungua, na watu wengi hudhani maana yake ni kwamba deni litapungua kwa kasi sawa tangu siku ya kwanza. Sivyo. Katika mfano wetu, mwezi wa kwanza riba inakula 31,667 na deni lenyewe linapungua kwa 5,618. Baada ya miaka 5 umeshalipa zaidi ya milioni 2.2, na salio bado ni milioni 3.57. Mpaka mwezi wa 154 ndipo sehemu inayopunguza deni inapoizidi sehemu ya riba, na nusu ya deni haiishi kabla ya mwezi wa 170, yaani miaka 14 na miezi 2. Ukilifuata jedwali hadi mwisho utakuwa umetoa kama milioni 8.95, ambazo milioni 4.95 ni riba.

Hakuna ujanja katika hesabu hiyo. Ndivyo mikopo ya namna hii ilivyo duniani kote. Lakini inaonyesha kwa nini shilingi ya ziada ya mwaka wa kwanza ina nguvu kuliko ya mwaka wa kumi. Laki 3 ukizilipa mwishoni mwa mwaka wa kwanza, huku rejesho likibaki 37,285, zinakata miezi 41 na kukuokolea takriban milioni 1.24 baada ya kutoa hizo laki 3 zenyewe. Laki 3 hizohizo zikisubiri mpaka mwisho wa mwaka wa kumi zinakata miezi 19 na kuokoa kama 418,000.

Asiye na mkupuo anaweza kuongeza kidogokidogo. Shilingi 5,000 juu ya rejesho la kila mwezi tangu mwanzo hulimaliza deni ndani ya miaka 14 na miezi 8 badala ya 20, na riba inashuka kwa takriban milioni 1.5. Shilingi 10,000 hulimaliza kwa miaka 11 na miezi 9, na unaokoa kama milioni 2.3. Angalia vizuri: 10,000 haziokoi mara mbili ya 5,000. Elfu 5 za kwanza ndizo zinazofanya kazi kubwa, na mwenye kipato cha kubana asikate tamaa kwa sababu hawezi kuongeza nyingi.

Pesa ya ziada inavyopotelea njiani

Hapa bidhaa inayumba, na si kwa sababu ya riba. Benki ikipokea pesa ya ziada inaweza kuifanyia mojawapo ya mambo manne, na ni moja tu unalolitaka.

La kwanza, pesa inakaa kwenye akaunti ya kawaida ambako marejesho hukatwa. Mteja anaweka 200,000, anaona salio limenenepa, anajua amepunguza deni. Hajapunguza hata shilingi. Mfumo unachota 37,285 tarehe yake ikifika na kuziacha nyingine zilale. Hili ndilo kosa linalotokea mara nyingi zaidi, na mteja haligundui mpaka atakapodai taarifa ya akaunti ya mkopo, siyo ya akaunti ya mshahara.

La pili, pesa inahesabiwa kuwa marejesho ya miezi ijayo. Hapo unapewa likizo ya miezi mitano ya kutolipa, ukishangilia, na jedwali linabaki lilelile.

La tatu, pesa inapunguza deni kweli, halafu benki inapiga upya rejesho na kuuacha muda kama ulivyokuwa. Hili linaonekana zuri kwa sababu rejesho linashuka. Kwa zile laki 3 za mwaka wa kwanza, rejesho lingeshuka hadi 34,439 hivi. Lakini uliyookoa mpaka mwisho ni takriban 349,000 badala ya milioni 1.24. Laki 9 zimeyeyuka kwa sababu ya neno moja kwenye fomu.

La nne ndilo lako: deni linapungua, rejesho linabaki, muda unafupishwa. Ili ulipate, andika barua, usitegemee mazungumzo ya kaunta. Barua itaje nambari ya akaunti ya mkopo, kiasi, tarehe ambayo pesa ihamishiwe kwenye mkopo, sentensi inayosema kiasi hicho kipunguze deni la msingi, na nyingine inayosema rejesho lisibadilike ila muda upungue. Omba jedwali jipya kwa maandishi. Likija, tazama safu ya mwisho tu: tarehe ya rejesho la mwisho imesogea nyuma au imebaki palepale? Ikiwa imebaki, rudi kesho yake na barua ileile yenye muhuri wa kupokelewa. Maofisa wa tawi hubadilika, muhuri haubadiliki.

Uliza pia, kabla ya kusaini barua ya ofa na si baada, kama kuna ada ya kulipa mapema, ni asilimia ngapi, na kama kuna kiwango cha chini cha malipo ya ziada. Masharti yanatofautiana kutoka mkopeshaji mmoja hadi mwingine ingawa fedha zimetoka KMRC ileile. Mkopeshaji anayekataa kuliandika jibu hilo, mwache.

Gharama za mlangoni

Tupite haraka. Mthamini, mawakili (wa benki unamlipa wewe), ushuru wa stempu wa asilimia 4 ya thamani kwa nyumba ya mjini na asilimia 2 mashambani, asilimia 0.1 ya kiasi cha rehani, bima ya moto, bima ya maisha ya mkopaji. Kuhusu hii ya mwisho, uliza kama inalipwa kila mwaka au kwa mkupuo mmoja unaoongezwa juu ya mkopo. Ikiwa ni mkupuo, unailipia riba miaka yote, na ukimaliza deni mapema una sababu ya kudai sehemu ya muda ambao haukutumika. Tafuta kifungu hicho kwenye hati ya bima. Kama hakimo, dai kiwekwe.

Kodi, na swali la kama ulipe mapema kabisa

Washauri wengi wa fedha huimba wimbo mmoja: maliza deni, maliza deni. Kwa mkopo wa asilimia 15 hatuna ubishi. Kwa huu wa 9.5 hesabu inataka utulivu.

Tangu mwishoni mwa Desemba 2024, anayeishi katika nyumba aliyoinunua kwa mkopo anaruhusiwa kuondoa riba ya hadi 30,000 kwa mwezi, yaani 360,000 kwa mwaka, katika mapato yanayotozwa kodi; awali ilikuwa 300,000 kwa mwaka. Ni kwa nyumba moja tu unayoishi, si ya kupangisha, na mkopeshaji lazima awe miongoni mwa wanaotambuliwa na sheria ya kodi. Kwa mtu ambaye sehemu ya juu ya mshahara wake hukatwa asilimia 30, hiyo ni shilingi 9,000 zinazorudi kila mwezi. Riba ya mwezi wa kwanza ya 31,667 inageuka 22,667, na mkopo wa asilimia 9.5 unakuwa wa takriban 6.8. Ajabu ni kwamba waajiriwa wengi hawaidai: unampelekea mwajiri cheti cha riba kutoka kwa mkopeshaji ili aingize kwenye hesabu ya PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara), au unadai mwenyewe unapowasilisha ritani kwenye iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni.

Kwa hiyo shilingi ya ziada ukiiingiza kwenye mkopo unapata faida ya kati ya asilimia 6.65 na 9.5, kutegemea kama riba yako imevuka ile 30,000. Pesa hiyohiyo kwenye hati za hazina au mfuko wa soko la fedha hukatwa kodi ya asilimia 15 ya faida, hivyo kwa ambaye riba yake haijavuka 30,000, ikiwa inamlipa asilimia 8 au zaidi kabla ya kodi, inashindana vizuri na kulipa deni; kwa aliyevuka, inahitaji kama asilimia 11.2. Februari 2024 serikali iliuza hati fungani ya miundombinu ya miaka 8 na nusu kwa riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi. Mwenye mkopo wa 9.5 aliyepeleka akiba yake huko alifanya akili kuliko aliyeikimbiza benki. Viwango kama hivyo havidumu, na Benki Kuu ilianza kushusha riba yake elekezi Agosti 2024, lakini somo la hesabu ni lilelile: linganisha baada ya kodi.

Jambo moja halina mjadala. Pesa ukishaiingiza kwenye deni hairudi. Ukipoteza kazi mwezi unaofuata, benki haitajali kwamba ulilipa laki 3 za ziada Januari. Rejesho la Februari linadaiwa lote. Weka kwanza akiba ya marejesho ya miezi 6, ambayo kwa mfano wetu ni kama 224,000, mahali unapoweza kuichota ndani ya siku mbili tatu. Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa mkopeshaji njia iliyo wazi: ukikaa na deni mwezi mmoja anaweza kukupa notisi ya miezi 3, ikifuatiwa na notisi ya siku 40 ya nia ya kuuza, kisha dalali wa mnada anakupa siku 45. Ukijumlisha ni zaidi ya nusu mwaka, muda ambao anayezungumza na benki mapema hupanga upya marejesho, na anayejificha hupigiwa nyundo.

Kama mkopo wako si huu

Wenye mikopo ya kawaida ya riba inayopanda na kushuka waliumia kati ya Mei 2022, riba elekezi ilipokuwa asilimia 7, na Februari 2024 ilipofika 13. Pale benki ilipokubali kutopandisha rejesho, iliongeza muda, na wateja walishukuru bila kupiga hesabu. Kwa deni la milioni 4 kwenye asilimia 15, riba ya mwezi peke yake ni 50,000. Mtu anayeendelea kulipa 37,285 deni lake linakua kila mwezi ingawa hajakosa tarehe hata moja. Ukipata barua ya kubadilishwa kwa riba, pigia hesabu kitu kimoja: salio mara riba ya mwaka, gawanya kwa 12. Rejesho lako likiwa chini ya jibu hilo, unarudi nyuma.

Wapo wanaoshauri uchukue mkopo wa Sacco ukalipe wa benki. Sacco nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio, yaani 12 kwa mwaka. Kuhama kutoka 15 kwenda 12 kuna maana, ila muda wa Sacco ni mfupi: milioni 1 kwa miezi 60 ni rejesho la 22,244, na unahitaji wadhamini. Kuhama kutoka 9.5 kwenda 12 ni kujikaba koo.

Kutoka

Sasa tufike kwenye alama. Riba: nzuri sana. Masharti ya kuingia: mazuri kwa mwajiriwa, magumu kwa mfanyabiashara asiye na vitabu vya hesabu. Malipo ya ziada: wastani, kwa sababu inategemea umakini wako kuliko mfumo. Kuondolewa rehani na kurudishiwa hati: dhaifu. Shida hapa inavuka KMRC: inawahusu mawakili, benki na masjala ya ardhi pamoja.

Anza miezi 3 kabla ya rejesho la mwisho. Omba benki hesabu ya kumalizia mkopo, yenye tarehe ambayo ni halali na riba ya kila siku baada ya tarehe hiyo. Salio la milioni 1 kwa asilimia 9.5 huzaa shilingi 260 kwa siku. Ukipewa hesabu ya Ijumaa na pesa ikaingia Jumatatu, umebaki na deni la shilingi 780 hivi. Ni pesa ya chakula cha mchana, lakini akaunti haifungwi, mfumo unaendelea kutoza, na baada ya miezi kadhaa jina lako linaweza kupelekwa CRB, shirika linalotunza kumbukumbu za wakopaji, kama mdaiwa sugu wa shilingi elfu moja na kitu. Ongeza riba ya siku tano juu ya hesabu uliyopewa, kisha udai kurejeshewa ziada.

Pesa ikiingia, simamisha agizo la kudumu la malipo au makato ya mshahara kwa maandishi, maana mwajiri haambiwi na mtu. Chukua barua ya kuthibitisha kwamba huna deni. Kisha wakili wa benki aandae hati ya kuondoa rehani, benki isaini, ipelekwe masjala pamoja na hati miliki ya asili na hati ya rehani. Kwa viwanja vya Nairobi vilivyoingizwa kwenye Ardhisasa, mfumo uliozinduliwa Aprili 2021, kazi hii hufanyika mtandaoni, na mwenye nyumba lazima awe na akaunti yake iliyothibitishwa. Fungua akaunti hiyo mapema. Kagua pia nambari ya kiwanja: viwanja vingi vilibadilishiwa nambari katika uhamishaji wa hati za zamani kwenda sheria mpya, na hati ya kuondoa rehani yenye nambari ya zamani hurudishwa. Kwa mwenye fleti, uliza kama umiliki wake umeshageuzwa kulingana na Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya 2020, na kama bado, benki ikiwa ndiyo inayoshikilia karatasi, nani atalipia.

Usipokee hati ukaenda zako. Fanya upekuzi rasmi mpya kwenye masjala ya ardhi na usome sehemu ya vizuizi: rehani iwe imefutwa, si "imelipwa" kwa maneno ya benki tu. Kuna watu wanaokaa na hati mkononi miaka, na rehani bado imo kwenye rejista. Hugundua siku ya kuuza, au wanapogawana urithi, wakati benki imeshaunganishwa na nyingine na faili liko ghalani. Mwezi mmoja baadaye chukua ripoti yako ya CRB, ambayo unastahili moja bure kila mwaka, uone akaunti imeandikwa kuwa imefungwa.

Kuishi bila deni kuna bili zake. Rates za kaunti (kodi ya mali inayotozwa na kaunti), kodi ya ardhi kwa hati za ukodishaji, na ada ya huduma kwa fleti zote zinaendelea, na zilizokuwa zimesahaulika huibuka unapoomba cheti cha kutodaiwa. Unafuu wa riba kwenye PAYE unakoma; mwambie mwajiri mwezi huohuo, la sivyo mamlaka ya mapato, KRA, itaidai kodi hiyo baadaye pamoja na adhabu. Na kabla hujasaini ombi la kuondolewa rehani, angalia bima ya moto inaisha lini. Ilikuwa ikinunuliwa na benki na jina la benki ndilo lililoandikwa kama mpokeaji wa fidia; akaunti ikifungwa haihuishwi tena, na nyumba inabaki bila bima mpaka wewe mwenyewe uinunue kwa jina lako.